Mtaa Wenu Bado Haujafikiwa

Ukimpigia mhudumu wa kampuni ya intaneti ya faiba, ile inayoletwa nyumbani kwa waya wa kioo unaobeba mwanga, ukamtajia unapoishi, utamsikia kwanza akibofya kompyuta yake, kisha linakuja jibu: "Samahani dada, mtaa wenu bado haujafikiwa." Sisi tunaoishi Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam tumelizoea jibu hilo mpaka tumeacha kuuliza lini. Tunanunua bando, maisha yanaendelea. Wakati huohuo mwenzetu aliyepanga Mikocheni au Upanga anachagua kati ya kampuni kadhaa, na baadhi yake humpigia zenyewe kumbembeleza. Jiji ni moja, mkoa ni mmoja.

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu, kwa mafundi, kwa viongozi wa mitaa na kwa jamaa zangu waliowahi kufanya kazi kwenye kampuni za simu. Nataka kulieleza nilivyolielewa, kwa sababu naamini kuchelewa kwetu hakukuandikwa mbinguni. Ni matokeo ya hesabu fulani, na hesabu hizo zina watu wanaozipiga.

Maelezo ya kwanza tunayopewa ni umbali. "Nyie mko mbali." Enzi za waya za shaba maneno hayo yalikuwa na ukweli. TTCL ilipouza intaneti ya ADSL kwenye laini za simu za mezani, kasi ilipungua kadiri nyumba ilivyokuwa mbali na kituo cha simu, na ukishapita kilomita nne au tano hivi hukupata kitu cha maana. Shida hiyo haikuwa ya kwetu peke yetu. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, vitongoji vingi vya nje ya miji, vya watu wenye uwezo kabisa, vilikosa DSL, yaani intaneti ya namna hiyohiyo ya laini za simu, wakati nyumba kuukuu za katikati ya mji zilikuwa nayo. Laini zilizozidi takriban kilomita 5.5 zilikuwa zimefungwa koili za kuboresha sauti ya simu, na koili hizo ndizo zilizozuia masafa ya juu ambayo DSL huyatumia. Mitaa mipya zaidi ilikuwa imeunganishwa kupitia makabati ya kidijitali yaliyowekwa kando ya barabara, ilhali DSL ya wakati ule ilidai waya wa shaba usiokatika kutoka nyumbani mpaka kituoni. Mtu kajenga nyumba mpya kwenye mtaa mpya, halafu upya wenyewe ndio unaomchelewesha.

Kwenye faiba hadithi ya umbali haina nguvu hiyo. Mfumo unaotumika sana kufikisha faiba majumbani, ule wanaouita GPON, unaweza kupeleka mwanga hadi kilomita 20 kutoka kwenye mtambo wa kampuni bila kuhitaji umeme popote njiani. Goba haifiki kilomita 20 kutoka Mwenge. Madale iko jirani tu na Tegeta. Kwa hiyo mtu akikwambia mko mbali, muulize mbali na nini.

Mkongo wenyewe ulishafika siku nyingi. SEACOM, mkongo wa faiba uliolazwa chini ya bahari, ilianza kutoa huduma Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy, mkongo mwingine wa baharini, ikafuata mwaka 2010. Mwaka 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ukaenda mikoani na mpaka mipakani, na kupitia kwake nchi jirani kama Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi zikapata njia ya kufika baharini. Ni kazi kubwa, na naiheshimu. Ila mkongo wa namna hiyo unafanana na nyaya za umeme za msongo mkubwa: zinapita juu ya kijiji na kijiji kinabaki gizani, kwa sababu hazikuwekwa ili kila nyumba ichomoe tawi lake. Mkongo mkuu hufunguliwa mahali palipopangwa tu. Kutoka hapo hadi mlangoni kwako kunahitajika mtandao mwingine, mdogo na wenye matawi mengi, na huo ndio ambao hakuna aliyeagizwa kuujenga. Unajengwa pale unapolipa.

Mwezi Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika kwa pamoja huko kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile Masaki na Chanika tulikaa gizani sawasawa. Baharini hatubaguani. Tofauti yetu inaanzia kwenye kilomita ya mwisho, na huko ndiko kwenye hesabu niliyoitaja.

Waya wa faiba si ghali kama watu wanavyodhani. Kinachokula fedha ni kuchimba, kusimamisha nguzo, kulipia vibali na kuwalipa watu wa kufanya kazi hiyo. Gharama hizo hazijali kama mtaa una nyumba nyingi au chache. Mita 100 za mtaro ni mita 100. Basi kampuni inajiuliza: katika kila mita 100 nitapata milango mingapi, na milango mingapi kati ya hiyo italipa kila mwezi?

Chukua ghorofa la kupanga lenye sakafu nane, kila sakafu na nyumba nne. Ni milango 32. Faiba moja inaingia chini ya jengo, inakutana na kifaa kidogo wanachokiita splita, inagawanywa mara 32, kazi imekwisha. Robo tu ya wapangaji wakijiunga, kampuni ina wateja wanane kwa waya uliopanda ngazi za jengo moja.

Sasa njoo kwenye mtaa wa viwanja vilivyopimwa. Tuseme kila kiwanja kina upana wa mita 25 mbele. Katika mita 100 utapata viwanja vinne upande huu na vinne upande ule, jumla vinane. Nusu bado ni msingi, au tofali zimeota nyasi, au kuna mlinzi anayelima mchicha akimtunzia mwenye kiwanja aliye Mwanza. Zimebaki nyumba nne. Robo wakijiunga, ni mteja mmoja kwa mita 100. Mmoja. Gharama ya kuwafikia inaweza kuwa imezidi ile ya ghorofa, na malipo ni sehemu moja ya nane.

Kwa hiyo anayedhani kampuni zinafuata matajiri anakosea kidogo. Zinafuata msongamano. Nairobi wanalijua hili vizuri: kule Pipeline, Embakasi, penye maghorofa yaliyobanana ya watu wa kipato cha chini na cha kati, kampuni za intaneti kubwa na ndogo zinagombania ngazi, wakati mwenye nyumba yake ya ghorofa moja kwenye kiwanja cha Joska au Kitengela, aliyekopa benki miaka kadhaa ili ajenge, anaendelea kuning'iniza ruta ya simu dirishani. Huyo wa pili huenda ana mshahara mkubwa zaidi. Lakini yuko peke yake kwenye mita zake 25.

Masaki na Oysterbay ni mfano wa kinyume, kwa sababu huko nyumba nazo ziko mbalimbali na faiba ilifika mapema. Huko mteja mmoja anaweza kuwa ubalozi, shirika au ofisi inayolipa kwa mwezi kiasi ambacho mtaa wetu mzima ungelipa kwa kuchangishana. Waya ulivutwa kwa ajili ya ofisi, nyumba zikanufaika kwa kuwa jirani. Mtaa wenye ofisi, hoteli au chuo hufungua njia kwa makazi yaliyouzunguka. Mtaa wa kulala tu, ambao asubuhi watu wote wanaukimbia kuelekea mjini, hauna mteja wa kwanza wa kubeba gharama.

Kuna siku nilisimama chini ya nguzo nikimwangalia fundi aliyekuja kumrekebishia jirani yangu wa barabara ya pili, maana upande wao wameshaunganishwa. Alikuwa kijana mpole, ngazi yake imefungwa kwa kamba juu ya bajaji. Alifungua boksi jeusi lililoko kwenye nguzo, akachomoa kijiwaya chembamba, akakichomeka kwenye kipimo chake cha mwanga. Kikasoma hasi 19. Nikamuuliza hiyo ni nzuri au mbaya. Akasema nzuri sana. Ikishuka mpaka hasi 27 hivi ndipo ruta inaanza kuwasha taa nyekundu. Nikamwambia basi mwanga upo wa kutosha, na kwangu ni pale tu penye mpera. Akanionyesha boksi kwa kidole. Lilikuwa na tundu nane, na zote nane zilikuwa na watu.

"Dada, tatizo si mwanga," akasema. "Boksi limejaa. Kuleta boksi jingine mpaka ofisi ione majina. Wakiona majina wanaleta."

Maneno hayo, "ofisi ione majina", nimeyasikia kwa mafundi wengine tangu siku ile. Ramani ya kampuni inayoonyesha mtaa fulani umefikiwa na mwingine haujafikiwa mara nyingi haisemi waya uko wapi. Inasema tundu zilizo wazi ziko wapi, na ni mitaa gani imeshaonyesha kwamba italipa. Mtaa unaweza kuwa umepitiwa na waya juu kwa juu na bado ukahesabiwa haujafikiwa.

Sababu inayofuata ni njia. Hata kampuni ikikubali hesabu yako, waya lazima upite mahali, na katika Dar es Salaam mahali pa kupita ni jambo gumu kuliko faiba yenyewe. Barabara kubwa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa, tangu mwaka 2017, ziko chini ya TARURA. Nguzo za umeme ni za TANESCO, na mabomba ya maji chini ya ardhi ni ya DAWASA. Manispaa nayo ina neno lake, na mipaka ya manispaa haifuati maisha ya watu: Goba iko Ubungo, ukivuka kidogo kuelekea Wazo uko Kinondoni. Kampuni inayotaka kuvuta waya kilomita chache inaweza kujikuta inabisha hodi ofisi nyingi, kila moja na fomu yake na mhandisi wake wa kwenda kuona eneo. Ikipewa kuchagua kati ya eneo lenye hodi moja na lenye hodi nne, unajua itaanzia wapi.

Kisha kuna namna mitaa yetu ilivyozaliwa. Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, ukapima maeneo kama Bunju, Mbweni, Mivumoni, Tuangoma, Kibada na Gezaulole. Huko barabara zilichorwa kabla ya nyumba, na pembeni ya barabara kuna hifadhi ambamo nguzo, bomba au waya vinaweza kupita bila ugomvi. Tatizo la huko ni lile la mita 25 na viwanja vyenye nyasi. Maeneo mengine yalikua kwa mzee kukata shamba lake la mikorosho vipande na kuuza, huyu hatua 20 kwa 20, yule 15 kwa 30, na njia ikabaki pale mwenye huruma alipoacha. Nyumba zimekaribiana vizuri, hesabu ya milango inavutia, ila ukuta wa kila mtu umefika mwisho wa kiwanja chake na gari la taka lenyewe linaingia kwa kurudi nyuma. Nguzo utaichimbia wapi? Ukuta wa nani utaubeba waya? Mtu mmoja akikataa, nyumba zote za nyuma yake zimekosa.

Sehemu kubwa ya jiji imekaa hivyo. Panapopangika, watu hawajajaa. Palipojaa watu, hapapitiki. Mitaa yenye vyote viwili, msongamano na njia, ndiyo ile ya katikati iliyochorwa zamani, na ndiyo iliyopata kwanza.

Ongeza barabara zinazojengwa. Jiji linapanuka na barabara zinapanuka nalo, jambo tunalolishangilia wote. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane. Mradi wa mabasi yaendayo haraka, ambao awamu yake ya kwanza ilianza kubeba abiria Mei 2016, umeendelea Mbagala na barabara nyingine kubwa. Kila barabara inapopanuliwa, kilichokuwa kando yake lazima kihame: nguzo, mabomba, nyaya. Kampuni iliyozika waya mwaka huu inaweza kuambiwa mwakani iuondoe. Kwenye mitaa ya ndani ni greda la kusawazisha barabara baada ya masika, au mafundi wa maji waliokuja kuziba bomba lililopasuka, au vijana wa usiku wanaokata waya wakidhani una shaba ndani. Waya hauna shaba, wanautupa mtaroni, na mtaa mzima unaamka bila mtandao. Kampuni ikiona mahali panakatika mara kwa mara, inaweka kalamu chini kabla ya kusogea mbele.

Naona uchungu zaidi kwenye jambo ambalo lingeweza kuzuilika kwa gharama ndogo. Tulipofanikiwa mtaani kwetu kukusanya majina, kampuni moja ilituma watu wakaja kupima. Walitembea njia yote, wakahesabu nguzo, wakapiga picha. Majibu yalipokuja yalisema barabara yetu iko kwenye mpango wa kuwekwa lami, hivyo hawawezi kuchimba sasa halafu mkandarasi aje afukue. Ni jibu la busara, siwalaumu. Baadaye nikaenda kuuliza serikali ya mtaa kama mchoro wa barabara hiyo una mabomba matupu ya kupitishia nyaya chini ya lami, pale kwenye makutano na kando ya mtaro. Nikaambiwa mchoro una lami, mtaro, kalvati na taa. Mabomba hayamo. Maana yake ni kwamba kabla ya lami hatuchimbi kwa sababu lami inakuja, na baada ya lami hatuchimbi kwa sababu lami imeshakuja, na hakuna mamlaka itakayofurahi kukupa kibali cha kukata barabara mpya.

Bomba tupu la plastiki likilazwa wakati mtaro umeshachimbwa na kijiko kiko palepale ni gharama ndogo sana ukilinganisha na barabara nzima. Likishalazwa, kampuni yoyote inaweza kupitisha waya wake kwa kulipia nafasi, bila kufukua, bila kusimamisha nguzo ya tatu pembeni ya nguzo mbili zilizopo. Hesabu ya mteja mmoja kwa mita 100, ambayo leo haimlipi mtu, inaanza kulipa mara tu uchimbaji unapoondolewa ndani yake. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalizungumzia suala la kampuni kutumia miundombinu kwa pamoja. Kinachokosekana ni mhandisi wa barabara na mtu wa mawasiliano kukaa meza moja kabla zabuni haijatangazwa.

Kuna pengo jingine ambalo wakazi wa pembezoni hatulisemi vya kutosha. Vijijini kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006, unaosaidia kampuni kujenga minara pale ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Ni jambo jema na nisingependa liguswe. Katikati ya mji kuna soko, na soko linajitosheleza. Sisi tuko katikati ya hao wawili. Kwenye karatasi ni wakazi wa jiji la zaidi ya watu milioni tano, kwa sensa ya 2022, hivyo hatuhesabiki kuwa watu wasiofikiwa. Kwenye vitabu vya kampuni ni mteja mmoja kwa mita 100. Hatuna mfuko na hatuna soko. Mtu aliyepigania umeme pembezoni mwa Dar analijua vizuri pengo hili, la kuambiwa wewe ni mjini kwenye bei na ni shamba kwenye huduma.

Wapo watakaosema si kuna mtandao wa simu, 4G imejaa kila mahali. Ni kweli, na kwa watu wengi mno nchini simu ndiyo intaneti pekee waliyoijua. Lakini mnara unagawana. Mtaa ulipokuwa na nyumba 50, mnara uliwatosha. Leo ni mamia, wote wamerudi kutoka kazini, saa mbili usiku, kila nyumba ina simu nne na mtoto anayetaka katuni. Unaona alama zote za mtandao zimejaa juu ya kioo na video haifunguki. Na bando linakwisha. Aprili 2021 utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza na bei zikapanda ghafla, kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikasitisha utaratibu huo. Mwenye faiba ya kulipia kwa mwezi alisikia kelele zile redioni tu.

Jirani yangu mmoja ni kijana anayehariri video za harusi. Faili moja la harusi linaweza kufika gigabaiti kadhaa, na wateja wake wengine wako Muscat na London, wanataka kuiona sherehe ya nyumbani wiki hiyohiyo. Akikaa hapa mtaani, faili linapanda usiku kucha na alfajiri anakuta limekwama. Hivyo anabeba kompyuta, anapanda daladala mpaka Mlimani City, ananunua kinywaji, anakaa karibu na soketi. Nauli, kinywaji na siku nzima, kwa kazi ambayo mwenzake wa Mikocheni anaibofya akaenda kulala. Wote wawili wanatoza bei ileile, kwa sababu mteja hajali unapoishi.

Nao wanafunzi wa vyuo, wanaotumiwa mihadhara ya video, hupima kila dakika kwa bando la mama. Huyo sihitaji kumweleza. Kila nyumba ina wake.

Setelaiti nimeulizwa mara nyingi. Starlink, kampuni inayouza intaneti ya setelaiti, ilianza kuuza huduma yake Kenya Julai 2023, na kwa mtu wa mbali, kwenye shamba au mbuga, ni mkombozi. Lakini angalia kilichotokea Nairobi mwishoni mwa 2024: kampuni ilisimamisha kupokea wateja wapya jijini na kaunti za jirani kama Kiambu, Machakos na Kajiado, kwa sababu uwezo wa eneo hilo ulikuwa umejaa, na ilichukua miezi kufungua tena. Setelaiti inagawa uwezo wake kwa kipande cha ardhi. Mahali penye watu wachache inatosha. Penye watu wengi inajaa. Na vilivyojaa haraka ni vitongoji kama vyetu, kwa sababu ndiko waliko wenye uwezo wa kununua dishi na wasio na waya. Itasaidia baadhi yetu, haitabeba mtaa mzima.

Kwa hiyo tufanye nini leo, kabla ya sera kubadilika? Majina yana nguvu, nimeona kwa macho yangu. Kampuni inaogopa kuvuta waya kwa watu watakaosema "wekeni kwanza, nitaangalia." Kwenye mtaa wetu ndilo jibu tulilopewa na wengi mwanzoni, na lilikaribia kuua jambo zima. Lililosaidia ni kupita nyumba kwa nyumba na mzee mmoja anayeheshimika, jioni, watu wakiwa wamerudi. Shikamoo, marahaba, tunakaa, tunaeleza, mtu anaandika jina, namba ya simu na namba ya nyumba ileile iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi. Namba hiyo ina kazi kuliko tulivyodhani: orodha yenye anwani inageuka ramani mikononi mwa mtu wa mauzo, na mtu wa mauzo anapewa kamisheni, ataikimbiza ofisini mwenyewe.

Ukipiga simu ukaambiwa hamjafikiwa, usikate. Uliza boksi la karibu liko nguzo gani na lina tundu ngapi wazi. Uliza wanahitaji majina mangapi ili waongeze boksi. Uliza kama kuna barabara inayosubiriwa. Ukipata jibu la swali hilo la mwisho, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na umwombe aulize TARURA, kwa barua yenye muhuri, kama mchoro una mabomba ya nyaya. Barua yetu imeshakwenda, na lami bado haijaanza kumwagwa. Mkandarasi akileta kijiko kabla ya jibu, tutakwenda kumwona palepale kwenye mtaro.